Mtoto 'ametulia' kutwa nzima? Chunguza mahali anaposhinda

Ni saa kumi na mbili kasorobo alfajiri. Mtaani Makongeni, Thika, kungali na giza, lakini akina mama wameshajaa njiani. Mmoja amembeba mwanawe mgongoni, amemfunika kwa blanketi hadi kisogoni, na mkononi ana mfuko wenye chupa ya maziwa, nepi na fulana ya kubadilisha. Anabisha mlango wa mabati, anampokeza mwenye nyumba mtoto, kisha huyoo, anakimbilia zamu yake kiwandani. Hali ni hiyo hiyo kule Ruiru, kuanzia Kihunguro hadi Githurai Kimbo, ambako wengine huwania matatu za kuelekea Nairobi kabla jua halijachomoza.

Jioni mama huyo akirudi, swali lake la kwanza huwa moja: "Amesumbua leo?" Na jibu linalompa faraja ni hili: "Hata kidogo. Ametulia tu siku nzima."

Ndugu msomaji, huenda nawe umewahi kulipokea jibu hilo ukamshukuru Mungu. Makala haya yanakuomba ulitafakari upya. Mtoto wa miezi saba mwenye afya na aliyeshiba hulala, huamka, hupiga kelele, hunyoosha mkono, huangusha kitu na kudai aokotewe. Akiwa ametulia tu tangu asubuhi hadi jioni, tena kila siku, yafaa ujiulize: Je, ni mgonjwa? Amepewa kitu cha kumlaza? Au amechoka kuita mahali ambapo hapana anayeitika?

Darasa la kwanza

Vituo vya kulelea watoto mchana, ambavyo wengi huviita 'beibi kea', havikuzuka bure katika miji hii miwili. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 490,120 mjini Ruiru na 251,407 mjini Thika. Barabara kuu ya Thika iliyokamilika mwaka 2012 imewavuta wengi zaidi. Kwa familia nyingi changa zilizohamia hapa, shosho ambaye zamani angemlea mjukuu amebaki kijijini, na kumwajiri yaya ni gharama isiyowezekana.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo kamili. Anayefanya kibarua cha kutwa mara nyingi haipati hata hiyo. Kwa hivyo si ajabu kumkuta kituoni mtoto wa miezi mitatu, au hata chini ya hapo. Hebu tupige hesabu: akishinda huko saa kumi na mbili kwa siku, siku sita kwa wiki, hizo ni saa 72. Ukiondoa usingizi wa usiku, sehemu kubwa ya wakati anaokuwa macho hupita mikononi mwa mlezi.

Basi mahali hapo si stoo ya kumweka mtoto hadi jioni. Ni darasa lake la kwanza, apende asipende mwenye kituo. Swali ni moja tu: linamfunza nini?

Anavyojifunza mtoto mchanga

Wapo wanaoamini kwamba kabla ya kusema, mtoto hana anachojifunza. Hilo si kweli. Mtoto mchanga huona vizuri zaidi vitu vilivyo umbali wa sentimita 20 hadi 30, ambao ni kama umbali kutoka titi la mama hadi usoni pake. Sauti naye huanza kuzisikia angali tumboni. Tangu siku za kwanza anatafuta uso wa kuutazama na sauti ya kuisikiliza.

Kujifunza kwake ni kwa kupokezana. Mtoto anatoa sauti, mtu mzima anamwitikia. Anatabasamu, naye anatabasamiwa. Mwaka 1978, mwanasaikolojia Edward Tronick na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio ambalo tangu hapo limerudiwa mara nyingi. Walimwomba mama acheze na mtoto wake kama kawaida, kisha kwa dakika chache amtazame kwa uso uliokauka, bila kusema wala kutabasamu. Watoto walijaribu kila mbinu ya kumrudisha mama: wakatabasamu, wakamtazama kwa makini. Walipoona hakuna jibu, waligeuza nyuso na kujikunyata.

Hizo zilikuwa dakika chache tu. Fikiria mtoto anayetazama uso wa namna hiyo, au asiyetazama uso wowote, siku baada ya siku.

Ndiyo sababu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani (WHO), UNICEF na Benki ya Dunia zilipotoa mwongozo wa malezi ya watoto wadogo, hazikuishia kwenye chanjo na chakula. Zilitaja mambo matano yanayokwenda pamoja: afya njema, lishe ya kutosha, usalama, malezi yenye kuitikia, na nafasi ya kujifunza tangu mapema. Mtoto aweza kushiba na bado akawa na njaa ya hayo mawili ya mwisho.

Somo la Kokwet

Kwamba mahali humfunza mtoto, hatuhitaji kwenda ng'ambo kulithibitisha. Katika miaka ya 1970, mtafiti Charles Super aliwachunguza watoto wa Kokwet, kijiji cha Wakipsigis huku kwetu Kenya. Aliwakuta wakikaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani, kwa kiasi cha mwezi mmoja hivi. Baadhi ya wazungu walikuwa wakidhani mambo hayo yamo katika damu ya Mwafrika. Super alionyesha sababu nyingine: wazazi waliwafunza. Mtoto alichimbiwa kishimo kidogo ardhini, akakalishwa humo na kuegemezwa kwa nguo, na alishikwa mikono afanye mazoezi ya kutembea. Lakini katika yale ambayo hawakufunzwa, kama vile kutambaa, watoto hao hawakuwatangulia wenzao.

Tafakari maana yake. Kishimo kile hakikununuliwa dukani. Kilichokuwepo ni ardhi, nguo kuukuu na mtu mwenye nia.

Sakafu ndiyo shule

Wazazi wengi wanapotafuta kituo hutazama picha za wanyama zilizochorwa ukutani na televisheni kubwa. Tazama chini kwanza. Kwa mtoto ambaye hajaanza kutembea, sakafu ndiyo shule yenyewe.

Mwaka 2019 WHO ilitoa mwongozo kuhusu mchezo, kukaa na usingizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa aliye chini ya mwaka mmoja inashauri acheze sakafuni mara kadhaa kwa siku. Ambaye bado hatambai apewe jumla ya dakika 30 au zaidi za kulala kifudifudi, akiwa macho na mtu akimwangalia, ili shingo, mabega na mgongo vipate nguvu. Asifungwe kitini, kigarini au mgongoni kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Na televisheni au simu? Haifai kabisa kabla ya miaka miwili.

Mtoto anayeshinda ndani ya beseni aliloegemezewa mito, au katika kiti cha kubembeza, ananyimwa mazoezi hayo. Hali kadhalika vigari vya kujifunzia kutembea. Haviharakishi kutembea kama wengi wanavyodhani, na vimewaangusha na kuwaunguza watoto wengi kiasi kwamba Kanada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004.

Kupanga chumba cha futi kumi kwa kumi

Mlezi anaweza kusema, "Hayo ni ya matajiri. Mimi nina chumba kimoja cha mabati." Lakini hata chumba cha futi kumi kwa kumi chaweza kupangwa vizuri. Haya ndiyo ya kuzingatia:

Pembe ya kucheza. Toa viti na meza. Tandika karpeti ya plastiki inayopigika deki, juu yake mkeka au blanketi nene. Hapa viatu haviingii. Waliokwisha kuanza kutembea watenganishwe na wachanga kwa benchi lililolazwa ubavu, wasije wakawakanyaga.

Pembe ya kulala. Iwe mbali na mlango na jiko. Mtoto alazwe chali, juu ya godoro gumu, bila mito wala mablanketi mazito karibu na uso. Hapa ndipo tofauti inapostahili kukumbukwa: kifudifudi ni kwa mchezo akiwa macho, chali ni kwa usingizi.

Pembe ya nepi. Iwe karibu na maji na sabuni, na mbali na mahali pa chakula. Nepi chafu ziwekwe katika ndoo yenye kifuniko.

Mapambo chini, si juu. Mlezi alale chali sakafuni kwa dakika moja, atazame anachokiona mtoto. Mara nyingi ni mabati na balbu. Basi ile leso yenye maua makubwa iwambwe ukutani usawa wa macho ya mtoto aliyekaa chini. Picha za nyuso za watu huwapendeza sana wachanga. Kamba ndefu zisininginie mahali ambapo mtoto anaweza kuzifikia.

Usalama kwanza. Jiko la makaa lisiwashwe wala kuachwa ndani wanamolala watoto, kwani hewa yake ya sumu haina harufu na huua. Mafuta ya taa yasiwekwe katika chupa ya soda. Ndoo ya maji isiachwe wazi, maana mtoto anayetambaa aweza kuzama katika maji ya sentimita tano tu.

Kiondo cha hazina

Vitu vya kuchezea navyo havihitaji pesa nyingi. Mwalimu mmoja wa Uingereza, Elinor Goldschmied, alijulikana kwa kile alichokiita kapu la hazina. Mtoto anayeweza kukaa lakini hajaanza kutambaa huwekewa kapu lisilo na kina kirefu, lililojaa vitu vya kawaida vya nyumbani, achague mwenyewe. Mtu mzima hukaa karibu, akimwangalia bila kumwingilia.

Huku kwetu kapu hilo tunalo tayari: kiondo. Kikate mikanda isije ikamnyonga mtoto, kisha tia humo kijiko cha mbao, kikombe cha bati, kibuyu kidogo, brashi safi ya katani, kipande cha kikoi, limau zima na kifuniko cha sufuria. Kimoja ni baridi, kingine kinakwaruza, kingine kinanukia, kingine kinalia kikigongwa. Mwanasesere wa plastiki ana ladha moja na ugumu mmoja kila upande, lakini kiondo hicho kina masomo kumi.

Sheria ni mbili. Kwanza, kitu chochote kinachoweza kupenya ndani ya kile kigogo cha katikati cha karatasi ya choo ni kidogo mno, na chaweza kumkaba mtoto. Betri ndogo za mviringo za saa na rimoti zisikaribie kabisa, kwani zikimezwa huunguza koo. Pili, vitu vioshwe kwa sabuni kila jioni, kwa sababu kila kimoja kitapitia kinywani mwa watoto kadhaa.

Kama una shaka kwamba vitu duni kama hivi vyaweza kusaidia, sikiliza habari za Jamaica. Mwaka 1986 na 1987, watafiti jijini Kingston waliwateua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Kwa miaka miwili, baadhi yao walitembelewa nyumbani kila wiki na mhudumu wa afya aliyemwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto, kwa kutumia vitu vilivyotengenezwa kwa takataka za nyumbani. Miaka 20 baadaye, waliotembelewa walikuwa wakilipwa mishahara iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 25.

Nepi kumi, masomo kumi

Kikwazo kikubwa kuliko chumba ni mikono. Nchini Uingereza, kanuni hudai kituo kiwe na mtu mzima mmoja kwa kila watoto watatu walio chini ya miaka miwili. Huku kwetu si ajabu kukuta mama mmoja na watoto kumi. Atapata wapi nafasi ya kucheza na kila mmoja?

Jibu zuri linatoka Hungary. Mwaka 1946, daktari wa watoto Emmi Pikler alianza kusimamia makao ya watoto wasio na wazazi jijini Budapest. Naye alikuwa na watoto wengi na mikono michache. Alichowafundisha walezi ni hiki: wakati wa kumlisha, kumwosha na kumbadilisha mtoto usiharakishwe, kwa maana huo ndio wakati wake wa kuwa na mtu peke yake. Mwambie unachofanya. Mngoje aitikie. Kisha mwache acheze mwenyewe sakafuni, naye atacheza kwa utulivu wa kweli kwa kuwa ameshiba kuangaliwa.

Kwa hivyo, mlezi, huhitaji kuongeza kazi juu ya kazi. Nepi utabadilisha tu. Badala ya kumgeuza mtoto kimyakimya kama mzigo, mwite jina, mwambie, "Haya, leta mguu. Uko wapi ule mwingine? Huu hapa!" Tumia lugha unayoimudu, iwe Gikuyu, Kikamba au Kiswahili, na mwimbie nyimbo ulizoimbiwa wewe. Akisema "ba-ba", mrudishie "ba-ba". Dakika tatu kama hizo, mara nne kwa siku, ni somo kamili.

Mzazi, chunguza haya

Usiende kituoni kwa ukali kama askari wa kanju. Mama huyo anafanya kazi nzito kwa ada ndogo, na mtoto wako yu mikononi mwake. Mwamkue, mshukuru, kisha tazama:

Je, mtoto ana mahali pa kujinyoosha na kutambaa, au kila mtoto amefungwa mahali pake? Akilia, kuna anayemgeukia? Je, televisheni inawaka kutwa? Mlezi anaweza kukueleza leo mwanao amefanya jambo gani jipya? Jitokeze siku moja kabla ya saa yako ya kawaida uone. Ukizuiwa kuingia, hiyo yenyewe ni habari.

Na dawa yoyote isitolewe isipokuwa umeiacha wewe kwa maagizo ya daktari. Kumlaza mtoto kwa dawa ya mafua ni hatari, kwani inaweza kudhoofisha pumzi yake. Ukimkuta mwanao analegea na kusinzia jioni baada ya jioni, mpeleke hospitali na useme wazi unachoshuku.

Tazama pia kile Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto ulichopewa kliniki. Si cha chanjo na uzani pekee, kina pia hatua za ukuaji. Watoto hutofautiana, lakini wengi hukaa wenyewe ifikapo miezi tisa na kutembea kabla ya miezi 18. Asiyeshtuka kwa sauti, asiyetabasamu akifika miezi mitatu, au aliyepitisha muda huo wa kukaa au kutembea, usimngojee. Mpeleke hospitali ya Thika Level 5, ile ya Ruiru au kliniki iliyo karibu. Taasisi ya KISE iliyoko Kasarani, kando ya barabara hiyo hiyo ya Thika, nayo huwapima watoto wanaoshukiwa kuwa na ulemavu. Mapema ni bora.

Mzigo huu ni wa wote

Katiba ya mwaka 2010 iliweka vituo vya malezi ya watoto chini ya serikali za kaunti. Kwa hivyo wakazi wa Thika na Ruiru wana haki ya kuiuliza Kaunti ya Kiambu vituo hivi vinakaguliwa na nani, na walezi wanafunzwa wapi. Waajiri nao wasijifiche. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka watenge mahali pa mama kunyonyesha au kukamua maziwa kazini.

Lakini usingoje kaunti. Wazazi kumi wanaoacha watoto katika kituo kimoja wanaweza kufanya harambee ndogo: mmoja alete mkeka, mwingine kiondo, mwingine sabuni ya mwezi, mwenye ufundi atengeneze kizuizi cha mbao. Jumapili moja alasiri yatosha kukigeuza chumba.

Na jioni ya leo, ukifika mlangoni, badilisha swali lako. Usiulize kama mtoto amesumbua. Uliza: "Leo amecheza na nini? Amecheka na nani?" Ukiuliza hivyo kila siku, mlezi atajua kwamba mchezo na kicheko cha mwanao vina thamani kwako, naye ataanza kuvitafuta ili apate cha kukusimulia. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na siku hizi tunamlea wawili, wewe na yule mama wa mlango wa mabati.